Sumu Iliyogeuka Mlo: Umetaboli wa Kuvu Iuayo Misonobari na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Katika makongamano na mijadala yetu wanafunzi wa Kiswahili, ni nadra kusikia kauli inayoshangiliwa kama ile isemayo kuwa Kiswahili kinajimudu katika nyanja zote za maarifa, sayansi ikiwemo. Mwandishi wa makala haya ameitoa kauli hiyo mara nyingi na kupigiwa makofi. Aghalabu anayeitoa huishia papo hapo. Hapigi hatua ya pili ya kuchukua tukio moja la kisayansi, pamoja na ugumu wake wote, na kulieleza kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa tukio moja tu, nalo ni umetaboli wa kuvu inayobebwa na mbawakawa, ambayo imeshiriki kuangamiza misitu ya misonobari magharibi mwa Amerika Kaskazini.

Chimbuko la makala haya ni aibu. Rafiki yangu anayesomea misitu aliniomba nimtafsirie muhtasari wa kurasa mbili kuhusu kuvu hiyo, ubandikwe ukutani siku ya maonyesho ya vitivo. Sikuona ugumu wowote. Nilikaa jioni moja, nikaandika, na miongoni mwa sentensi zangu ilikuwemo hii: "Kuvu huingia ndani ya mti, huula na kuuozesha hadi unakufa." Rafiki yangu aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ndugu yangu, Kiswahili chako ni kizuri, lakini hapa umeandika juu ya kuvu nyingine."

Nilidhani anatania. Tulipoketi kuipitia sentensi ile neno kwa neno, ilibainika kwamba kila kitenzi nilichokitumia kilikuwa na kasoro. Kuvu ile haiingii yenyewe, hubebwa. Haiuli mti kwa maana niliyoikusudia. Kuuozesha ndiko haiuozeshi kabisa. Nilikuwa nimeandika sentensi isiyo na doa la kisarufi na isiyo na ukweli. Yanayofuata ni matokeo ya kujaribu kuisahihisha.

Mti, Mdudu na Kuvu

Tuanze na wahusika, kama tufanyavyo katika uhakiki wa riwaya. Mhusika wa kwanza ni msonobari wa spishi iitwayo Pinus contorta, mti mrefu mwembamba uliofunika sehemu kubwa za jimbo la British Columbia nchini Kanada. Wa pili ni mbawakawa aitwaye kitaalamu Dendroctonus ponderosae, mdudu mweusi ambaye ukubwa wake unakaribia ule wa punje ya mchele. Jina la jenasi yake limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "muuaji wa miti", nasi tutalirejelea baadaye kwa kuwa lina ubishi ndani yake. Wa tatu ni kuvu yenyewe, ambayo katika tafiti tutakazozitaja inaitwa Grosmannia clavigera.

Mbawakawa huyu ana vijifuko vidogo kwenye viungo vya mdomo wake, na humo ndimo zinamobebwa spora za kuvu. Jike ndiye hutangulia. Hutoboa gome, huchimba ushoroba kuelekea juu katika tabaka laini lililo chini ya gome, hutaga mayai kandokando ya ushoroba huo, na apitapo huacha spora. Spora huota, nyuzi za kuvu zikasambaa katika tabaka hilo, kisha zikapenya hadi kwenye sehemu ya nje ya ubao, ile inayopandisha maji kutoka mizizini. Kwa hiyo "kuvu huingia" lilikuwa kosa langu la kwanza. Kuvu hii haina mlango ila ule uliofunguliwa na mdudu. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hapa nyuki humbeba mgongoni anayemfuata, au tuseme humbeba mdomoni.

Wahusika hawa watatu ni wenyeji. Wameishi pamoja kwa muda mrefu mno, na katika miaka ya kawaida mbawakawa huua miti michache iliyozeeka au kudhoofika. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Mlipuko uliotanda British Columbia tangu wakati huo uligusa zaidi ya hekta milioni 18 za msitu. Ili msomaji apate picha, eneo zima la Kenya ni takriban hekta milioni 58. Sababu kuu zinazotajwa ni mbili. Kwanza, majira ya baridi yalipungua makali, ilhali mabuu ya mbawakawa hawa huhitaji baridi kali sana, inayokaribia nyuzi 40 za selsiasi chini ya sifuri, ndipo wafe kwa wingi. Pili, miongo mingi ya kuzima moto misituni iliacha maeneo makubwa ya misonobari mizee ya rika moja, ambayo mbawakawa huipenda. Mnamo 2006 makundi makubwa yao yalipeperushwa na upepo kuvuka Milima ya Rocky hadi jimbo la Alberta.

Ulimbo na Majina Yake Matatu

Msonobari haukubali kushambuliwa hivi hivi. Unapotobolewa humwaga ulimbo kwenye jeraha ili umzamishe mdudu na kuiua kuvu aliyokuja nayo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wa nguvu ya kitu cha aina hii. Katika sandarusi ya pwani yetu, iliyokuwa bidhaa mashuhuri ya soko la Unguja katika karne ya 19, huonekana wadudu walioganda ndani yake wakiwa na mbawa na miguu kamili.

Ulimbo wa msonobari, hata hivyo, haunasi tu. Umejaa kemikali za jamii ya terpini. Msomaji anazifahamu kwa pua hata kama hazifahamu kwa jina. Harufu ya tapentaini anayosafishia brashi mpaka rangi ni ya terpini, na ile inayobaki vidoleni baada ya kumenya chungwa ni ya terpini iitwayo limonini. Kemikali hizi hupatana na mafuta kuliko maji. Utando unaoizingira seli umeundwa kwa mafuta kwa sehemu kubwa, hivyo terpini hujipenyeza humo na kuuvuruga hadi seli ishindwe kuzuia kinachoingia na kinachotoka. Kwa viumbe vidogo vingi hiyo ni sumu ya kuua.

Hapa ndipo umetaboli unapojitokeza kwa mara ya kwanza katika kisa chetu, na ajabu ni kwamba ni umetaboli wa mdudu. Miongoni mwa terpini za msonobari imo alfa-pinini. Mbawakawa jike huipata kutoka kwa mti, huitia oksijeni mwilini mwake, nayo hugeuka kuwa verbenoli, kemikali inayopeperuka hewani na kuwaita mbawakawa wengine. Mamia huitika. Mti wenye ulimbo wa kuwazamisha mbawakawa wachache hauna ulimbo wa kuwazamisha mamia, na hiyo ndiyo siri ya mashambulizi ya umati. Kisha verbenoli yenyewe huendelea kugeuzwa, kwa kiasi fulani na hamira na viumbe vingine vidogo vilivyomo ushorobani, ikawa verbenoni, ambayo ujumbe wake ni kinyume cha ule wa kwanza: hapa pamejaa, tafuteni mti mwingine. Wahifadhi wa misitu wameuelewa ujumbe huo kiasi cha kutundika vifuko vya verbenoni kwenye miti wanayotaka kuinusuru.

Molekuli moja, baada ya kunyambuliwa mara mbili, imekuwa silaha, mwaliko na onyo. Mwanaisimu asiyeguswa na unyambuaji wa aina hii sijui ataguswa na upi.

Kumeng'enya si Umetaboli

Kitenzi changu cha pili kilikuwa "kula". Ni kitenzi cha kila siku, na kwa sababu hiyohiyo kina hatari. Tunaposema mtu amekula, tunafikiria mdomo, tumbo, na mwisho wake. Chakula huingia ndani kwanza, kisha kikavunjwa. Kuvu haina tumbo. Huishi ndani ya chakula chake, na utaratibu wake ni kinyume na wetu, kwani huvunja kwanza, tena nje ya mwili wake, kisha ikafyonza. Nyuzi zake hutoa vimeng'enya vinavyovunjavunja wanga, mafuta na protini zilizo jirani, na vipande vidogo vinavyopatikana ndivyo vinavyopita ukutani mwa seli na kuingia ndani.

Kilicho nje ya ukuta huo tunaweza kukiita mmeng'enyo bila kumkosea mtu. Kazi inayoanza baada ya vipande kuingia ndani ndiyo inayohitaji istilahi nyingine. Humo ndani seli huvivunja baadhi ya vipande ili ipate nishati, na vingine huviunganisha ili ijenge mwili wake: utando mpya, ukuta mpya, nyuzi mpya, spora. Ujenzi na ubomozi huo, ukitazamwa kwa jumla, ndio umetaboli. Neno hili tumelipata kwa kuswahilisha neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha badiliko, tukalitia kiambishi u- likaingia katika ngeli ya U pamoja na nomino dhahania nyingine kama vile ujenzi na uhai. Wapo wanaoliona ni la kigeni mno, wakapendekeza tubakie na mmeng'enyo au usagaji wa chakula, maneno anayoyafahamu hata mwanafunzi wa shule ya msingi. Nilikuwa mmoja wao. Sasa nimeachana na msimamo huo, na sababu si kupenda ugeni. Ni kwamba mmeng'enyo hautuachii njia ya kutofautisha kinachotendeka nje ya seli na kinachotendeka ndani yake, na katika kisa hiki tofauti hiyo ndiyo kisa chenyewe.

Hapa nidokeze kero ndogo. Istilahi kimeng'enya imeundwa kutokana na kitenzi kumeng'enya, hivyo kimofolojia ina maana ya kitu kinachovunja chakula. Vipo hata hivyo vimeng'enya vingi ambavyo kazi yake ni kujenga, na vingine ambavyo huongeza oksijeni kwenye molekuli bila ya kuivunja, kama ilivyo katika mwili wa mbawakawa wetu. Kumwambia mwanafunzi kwamba kimeng'enya kinajenga ni sawa na kumwambia kwamba kibomoaji kimesimamisha nyumba. Sipendekezi tuliache neno hili, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka na vitabu vimechapishwa nalo. Nasema tu kwamba mwalimu atakayelitumia hana budi kulifunga na kulifungua mbele ya darasa.

Kuhusu kuozesha, kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Ubao huoza pale kuvu inapovunja vitu vinavyounda kuta za seli za mti, yaani selulosi na lignini. Zipo kuvu zenye ujuzi huo, na tumeziona sote kwenye magogo yaliyolala msituni. Grosmannia clavigera haimo miongoni mwao. Yenyewe hutafuta sukari, mafuta na protini zilizo ndani ya seli hai za tabaka la chini ya gome na za sehemu ya nje ya ubao, na kuta ikaziacha zimesimama. Alama inayoiacha ni rangi. Nyuzi zake zina rangi ya jamii ya melanini, na ubao uliopenywa nazo huonekana wa samawati iliyofifia, rangi ambayo wauza mbao wa Kanada wameilinganisha na kitambaa cha dengrizi ili kuwavutia wanunuzi. Nguvu ya ubao huo hubaki. Paa la ukumbi wa Richmond, uliojengwa kwa ajili ya mashindano ya kuteleza kwa kasi kwenye barafu katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver ya 2010, lilitengenezwa kwa mbao za misonobari iliyouawa katika mlipuko huu. Kama sentensi yangu ingekuwa kweli, hapana mhandisi ambaye angethubutu kuwakalisha watu chini ya paa lile.

Kutoa na Kula

Tunafika sasa kwenye kiini. Kuvu imeletwa mahali ambapo pamefurika ulimbo wenye sumu. Inaishije?

Mnamo 2011 kundi la watafiti, wengi wao wa Chuo Kikuu cha British Columbia, wakiongozwa na Scott DiGuistini, lilichapisha jenomu ya kuvu hii. Msomaji wa fasihi aifikirie jenomu kama andiko refu lililoandikwa kwa alfabeti ya herufi nne. Andiko hili lina herufi takriban milioni 30, na watafiti walikadiria kuwa humo mna jeni 8,314 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Si kila ukurasa husomwa kila wakati. Walipoiweka kuvu pamoja na terpini na kuchunguza ni kurasa zipi zilizofunguliwa, waligundua kwanza kwamba kuvu iliteseka. Dalili za taharuki zilikuwa wazi, kwa hiyo si kweli kwamba sumu haiidhuru. Pili, eneo moja la jenomu lenye urefu wa takriban herufi 100,000 liliamshwa kwa nguvu, nalo lilikusanya jeni ambazo huenda zinahusika katika kuiondolea kemikali hizo sumu yake. Tatu, ilielekea kwamba kuvu huiondoa sumu kwa kuitumia kama chanzo cha kaboni.

Nakiri kwamba niliposoma hoja hiyo ya tatu nilihisi nimepata ushindi. Kumbe kuvu inakula! Nilikuwa tayari kuirejesha sentensi yangu ya awali kwa rafiki yangu, nikiibadilisha kidogo tu: kuvu hula sumu ya mti. Kaboni ndiyo uti wa mgongo wa molekuli zote za uhai, na terpini ni minyororo na pete za kaboni. Kiumbe anayeweza kuzivunja atakuwa ameigeuza ghala ya silaha ya adui yake kuwa ghala ya chakula. Ushahidi wa jeni unaashiria kwamba limonini huongezewa oksijeni kwanza, kisha ikakatwa vipande kwa njia inayofanana na ile inayotumiwa kuvunja asidi za mafuta, na vipande hivyo vikaingia katika mkondo wa kawaida wa kutoa nishati.

Utafiti uliochapishwa 2013 na Ye Wang pamoja na wenzake ulinizuia. Wao walichunguza jeni moja, GcABC-G1, ambayo huamka sana kuvu inapokutana na terpini. Jeni hii hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa seli na kusukuma terpini kutoka ndani kwenda nje. Ni pampu, na kama pampu yoyote, hutumia nishati. Watafiti waliifuta jeni hiyo katika baadhi ya kuvu ili waone kitakachotokea. Kuvu zilizokosa pampu zilidhurika zaidi na terpini, na zilipopandikizwa kwenye misonobari michanga dalili za ugonjwa zilichelewa kujitokeza. Kinyume chake, hamira iliyopewa jeni hiyo ilistahimili terpini kuliko kawaida yake. Hadi hapo hakuna la kushangaza. Lakini lilikuwepo la ziada: kuvu yenye pampu iliweza kuitumia limonini kama chanzo cha kaboni, na ile isiyo na pampu haikuweza.

Tulitazame jambo hili polepole, maana mantiki ya kawaida inalikataa. Pampu inatoa limonini nje. Kuvu inayoitoa limonini ndiyo inayoila, na ile isiyoitoa haiwezi kuila. Katika Kiswahili cha kila siku, anayetema hajala, na aliyekula hatemi. Jozi hii ya vitenzi ni ya kinyume, na tumezoea kuifundisha hivyo. Ndani ya seli ya kuvu hii si vinyume. Limonini ikiingia kwa kasi isiyodhibitiwa itavuruga utando kabla ya vimeng'enya kupata nafasi ya kufanya kazi. Pampu haiifukuzi limonini yote. Inapunguza kiasi kilichomo ndani hadi kiwango ambacho umetaboli unaweza kukimudu. Kutoa ndiko kunakowezesha kula. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba kuvu ina mbinu mbili: kudhibiti kiwango cha terpini ndani ya seli, na kuzitumia terpini hizo kama chanzo cha kaboni.

Huu ndio mtihani niliousema kwenye anwani. Tukiandika "kuvu hula sumu", tumesema nusu ya ukweli na kumfanya kuvu shujaa wa ngano asiyedhurika. Tukiandika "kuvu huitema sumu", tumesema nusu nyingine na kuficha ajabu yote. Nimejaribu "kuhimili", nikaona linasimulia uvumilivu tu bila ya kazi. Nimejaribu "kuchuja", lakini mchujo hutenganisha kitu kizuri na kibaya, ilhali hapa kizuri na kibaya ni kitu kimoja, limonini ileile, kinachotofautishwa na kiasi tu. Kwa sasa nimeridhika na "kudhibiti kiwango". Si neno la kishairi, lakini halidanganyi.

Kisa hiki si cha msonobari peke yake. Huko Ulaya, mti mwingine wa jamii hiyo ya misonobari, Picea abies, hushambuliwa na mbawakawa Ips typographus, ambaye naye hubeba kuvu yake, Endoconidiophora polonica. Silaha iliyochunguzwa huko ilikuwa kemikali za jamii ya fenoli, wala si terpini, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kuvu hiyo pia huzivunja na kuzitumia kama chanzo cha kaboni.

Nani Muuaji?

Je, mdudu anafaidi nini kwa kubeba mzigo huu? Wadudu hawawezi kujitengenezea steroli, ambazo ni lazima kwa ukuaji wao, na tabaka la chini ya gome lina naitrojeni haba. Kuvu hutengeneza ergosteroli, na nyuzi zake huchota naitrojeni kutoka katika ubao na kuikusanya pale mabuu wanapojilisha. Kabla ya kuruka kwenda mti mwingine, mbawakawa wapya hula spora zilizotanda kwenye kuta za vyumba vyao na kujaza vijifuko vyao upya. Umetaboli wa kuvu, kwa hiyo, ni jiko la mabuu.

Mti wakati huo unakufa. Shoroba za mabuu hukata njia ya chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani, na kuvu hukatiza maji yanayopanda. Mwaka unaofuata majani huwa mekundu, baadaye mti hubaki wa kijivu. Ni nani aliyeua? Jina la Dendroctonus limemhukumu mdudu. Anwani ya makala haya imeihukumu kuvu, nami nimeiacha hivyo makusudi ili tuizungumzie hapa. Kwa miaka mingi maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba mdudu huihitaji kuvu ili kuuangusha ulinzi wa mti, na ni kweli kwamba Grosmannia clavigera, ikipandikizwa kwa wingi wa kutosha bila ya mdudu, inaweza kuua msonobari. Lakini mnamo 2011 Diana Six na Michael Wingfield waliyapinga maelezo hayo. Hoja yao ni kwamba ukali wa kuvu hizi huenda haumsaidii mdudu kuua mti. Huenda unaisaidia kuvu kustahimili katika mti ambao bado uko hai na kuzishinda kuvu nyingine zinazoshindania chakula hicho. Kwa mtazamo huo, sifa ya kuvu ya kudhibiti na kutumia terpini ni mbinu ya kuishi kwanza, na kifo cha mti ni jambo linaloandamana nayo.

Sarufi yetu nayo ina neno katika ubishi huu. Kitenzi "kuua" kinadai mtenda, na upatanisho wa kisarufi unadai tuamue ni wa ngeli gani. Mbawakawa ni wa A-WA bila ya shaka. Kuvu nimeiweka katika I-ZI, ingawa wanabiolojia wanatwambia kwamba kinasaba kuvu zinakaribiana na wanyama kuliko mimea. Tukiwaunganisha, "mbawakawa na kuvu wameuua mti", yule mwenye uhai unaoonekana ameimeza kuvu katika kiambishi chake, na msomaji atamkumbuka mdudu tu. Tukiandika "mti umeuawa na", orodha inayofuata inaweza kuwa ndefu tutakavyo: mdudu, kuvu, ukame, majira ya baridi yasiyo na baridi. Katika suala hili nimeona kauli ya kutendwa ni aminifu zaidi, hata kama walimu wetu wa utunzi hutuonya tusiitumie kupita kiasi.

Tafsiri ya Pili

Nilimpelekea rafiki yangu sentensi mpya kuchukua nafasi ya ile ya kwanza. Ilisema hivi: "Kuvu hubebwa na mbawakawa hadi chini ya gome; huko hudhibiti kiwango cha sumu ya ulimbo ndani ya seli zake kwa kuisukuma nje, huku umetaboli wake ukiitumia sehemu ya sumu hiyo kama chakula, na nyuzi zake zinaposambaa katika ubao, hukatiza maji yanayopanda." Ni ndefu zaidi ya mara nne ya ile ya awali, na haisomeki kwa pumzi moja.

Aliirudisha kesho yake. Hakuwa amefuta kitu. Alikuwa amepiga mstari chini ya maneno "sehemu ya sumu hiyo", na pembeni akaandika kwa penseli: "Sehemu ipi, na nyingine inakwenda wapi?" Nilirudi maktabani.